Kamioneti Haipandi Bila Dokima

Goma, Majengo, tarehe 6 Juni 2022

Mudogo wangu Laurent,

Gari nimekununulia. Keti chini kwanza, kisha usome.

Ni kamioneti ya zamani, magurudumu yote ine yanavuta sawa vile ulitaka, na nyuma iko na nafasi ya kubeba ngombe wawili wazima. Injini ni nzuri. Modeste, mekanisie wa Birere, aliisikiliza vile munganga anasikiliza kifua cha mugonjwa, akasema, "Mama Rosette, hii bado ina miaka mingi." Hayo njo mazuri. Sasa mabaya. Mulango wa kushoto unafungwa na kamba. Taa moja inatazama njia, ingine inatazama mbingu. Ukikanyaga fre, gari inafikiri kwanza mbele ya kusimama. Na karte roze, ile karatasi inayoonyesha gari ni ya nani na iko namna gani, inasema gari ni ya buluu. Gari ni ya kijani! Nilimuuliza muzee aliyeniuzia, Papa Baharanyi, akanijibu bila haya: "Mama, nilichoka na buluu."

Alichoka na buluu. Ku biro ya kuandikisha magari walinirudisha pale pale ku mulango.

Kwa hiyo usiningojee hii wiki. Najua utasema huko Masisi hakuna mutu anayeuliza dokima, zile karatasi za gari. Lakini unakumbuka lori ya marehemu bwana yangu Paul. Aliinunua na plake, ile namba ya mbele na nyuma, ambayo yeye alizani ni ya kweli. Waliikamata njiani, na akazunguka biro kwa biro na bahasha chini ya kwapa, mpaka presio ya damu ikamubeba. Mimi nilibakia na bahasha. Gari ingine ya jamaa yetu haitatembea na karatasi ya uongo. Haipandi huko bila dokima, na imekwisha.

Tangu antene ya huko ilianguka telefone yako haipiti, njo maana naandika. Luc wa pikipiki atakuletea. Unisalimie muke wako Exaucée.

Yaya yako,
Rosette

*

Masisi, tarehe 15 Juni 2022

Yaya Rosette,

Aksanti sana, dada yangu, kwa kazi yote. Nilisoma barua yako mu kiraro, nikacheka mpaka ngombe wakageuka kuniangalia.

Lakini yaya, huku rangi haina kazi. Huku kuna vilima na matope tu. Weka shofere, atoke Goma asubuhi mapema, apite Sake, akipinda kuja huku ni kwisha, hakuna mutu wa kumuuliza kitu. Wengi wanafanya vile. Jibini zinaniharibikia juu Luc hawezi kubeba mingi ku pikipiki moja. Nataka gari iwe hapa mbele ya mvua za mwezi wa tisa. Ikikuja kisha pale, haitanisaidia tena.

Mambo ya shemeji Paul sijayasahau. Lakini ile ilikuwa lori ya biashara, ya kutembea inchi muzima. Hii ni gari ya mulimani.

Exaucée anakusalimia pia. Anakuwa na uchovu kidogo siku hizi, lakini si kitu.

Mudogo wako,
Laurent

*

Goma, tarehe 2 Julai 2022

Laurent,

Gari ya mulimani! Sikia huyu. Kwani mulima wako uko mu inchi ingine?

Ku biro walinipa kuchagua: ao tubadilishe karte roze, kazi ya kungojea mpaka nizeeke, ao gari irudie rangi yake. Nikaona rangi ni rahisi. Nilizunguka Birere yote, buluu ikakosekana, isipokuwa ile ilibakia kisha kupaka pango la Bikira ku parokia. Sasa una kamioneti inayofanana na kanzu ya Bikira Maria. Ikipita hapa Majengo wamama wazee wanapiga alama ya musalaba. Mutoto wangu Gradi hataki kupanda, eti wenzake wa shule watamuona.

Niliirudisha. Yule kijana wa biro akaizunguka, akasema sawa, buluu ni buluu. Kisha akainama. "Mama, namba ya shasi iko wapi?" Ni ile namba wanagonga mu chuma siku gari inatengenezwa, na lazima ifanane na ya karatasi. Kutu ilisha kula mwisho wake! Modeste akalala chini ya gari na brosi ya chuma na mafuta ya taa, na mimi, mwanamuke mukubwa, nachuchumaa na tochi na miwani mbele ya watu.

"Hii ni tatu ao ni nane?"

"Mama, kwangu ni nane."

Kijana wa biro akasema kwake ni tatu. Mukubwa wake akasema atakuja kuangalia yeye mwenyewe wiki inayofuata. Wiki inayofuata alikuwa na kilio Bukavu.

Usiniulize tena gari iko wapi. Iko mahali ambapo nane na tatu hazijapatana.

Rosette

*

Masisi, tarehe 20 Julai 2022

Yaya,

Sikuomba rangi. Sikuomba namba. Niliomba gari.

Unaongea sawa vile niko na wakati wa kutupa. Jirani yangu alinunua pikipiki yake kwa mutu asiyemujua, bila karatasi hata moja, na anatembea. Mimi, kwa kuwa na dada mwenye kuogopa, natembea kwa miguu.

Kuna kitu nataka umuulize Modeste. Nyuma mule, matela, godoro ya watu wawili, inaweza kuenea? Na gari inaruka sana mu mashimo? Kama kuna namna ya kuilainisha, ailainishe. Na juu kuwe hema ya kuzuia mvua, isiyovuja. Usiniulize sababu.

Laurent

*

Goma, tarehe 8 Agosti 2022

Laurent,

Matela! Tangu lini jibini inalala ku matela? Ninauza jibini ya Masisi tangu ungali unakojoa kitandani, naijua: unaweza kuiangusha toka juu ya ngazi, ngazi njo itavunjika. Sasa wewe unataka kuifunika na blanketi pia? Modeste alicheka mpaka akatoka mu garaji. Alisema hata hivyo ataangalia zile chuma za kuzuia kuruka, sababu mbili zimekufa.

Kwa faida yako: yule mukubwa wa biro alirudi toka ku kilio chake, akaangalia, akasema nane. Nane, Laurent! Nilitaka kumukumbatia. Ku kontrole tekniki, kule wanapima kama gari ni nzima, walitukataa mara ya kwanza juu ya ile taa ya mbinguni na klakson isiyolia. Mara ya pili walitukubalia. Asiransi, bima ya gari, iko. Kinachobakia ni plake zenyewe. Kwa sasa tuna namba ya muda, ya karatasi, wameibandika ku kioo, na wanasema kila juma "rudia juma ijayo."

Gari imelala ku garaji kwa Modeste, haifanyi kazi, inangojea plake. Na mimi nangojea. Na wewe ungojee pia.

Yaya yako aliyechoka,
Rosette

*

Masisi, tarehe 24 Agosti 2022

Kwa Mama Rosette,

Luc amefika jana. Mbele hata ya kuzima pikipiki alisema, "Papa Laurent, gari yenu ni nzuri! Niliiona Kanyaruchinya, imejaa bido za maji na wamama wamekaa juu." Nikamuambia ni gari ingine. Akasema, "Buluu ile? Mu Goma yote iko moja tu."

Imelala ku garaji! Unaniandikia maneno ya plake, ya kungojea, kumbe gari inafanya kazi kila siku, ila si kwangu.

Basi mimi nakuambia ukweli, juu mumoja wetu lazima aanze. Exaucée iko na mimba. Atazaa mwanzo wa mwezi wa kumi. Alinikataza kumuambia mutu, hata wewe, juu ya ule mutoto wa mwaka jana. Wewe uliambiwa tu kama alikufa. Namna gani, hatukukuambia. Vijana walimubeba Exaucée ku machela tangu asubuhi, mvua inanyesha, matope mpaka ku magoti, wanateleza, wanamuangusha, wanamuinua. Tulikuwa hatujafika hata ku njia kubwa wakati mutoto alitoka. Hakulia. Nilimuzika pale pale kando ya njia, sikukuwa na nguvu ya kupanda naye tena. Kila siku nikipeleka jibini napita pale.

Njo sababu ya matela. Njo sababu ya haraka. Haikuwa juu ya jibini.

Laurent

*

Goma, tarehe 27 Agosti 2022

Laurent, mudogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama nyuma ya meza yangu ku Birere. Muteja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamujibu ndiyo, mwaka jana, na leo njo nimejua namna gani.

Acha nikukaripie kwanza. Mimi nilikubeba ku mugongo. Unaniandikia jibini, jibini, na mimi nakujibu upuzi wa ngazi, wakati mutoto wenu amelala kando ya njia! Ungesema neno moja tu, ningelala ku mulango wa ile biro. Nyinyi wanaume wa huko juu mutanyamaza mpaka mutakufa na kinywa kimefungwa.

Sasa zamu yangu. Luc hakudanganya. Wamama waliokimbia vita toka Rutshuru wamejaa mu shule za Kanyaruchinya, wanalala ku mawe ya volkano na watoto wao. Mama Séraphine wa parokia aliniomba nipeleke maji, Siku ya Mungu moja tu. Nilienda. Kuko mwanamuke alinishika mukono akaniuliza nitarudia lini, na sikuweza kumujibu "sitarudia." Nikarudia. Wewe sikukuambia juu nilijua utasema ni gari yako, na ungekuwa na haki.

Na kuna mubaya zaidi. Siku mbili kisha Luc kutuona, polisi ya rulaji, wale wa barabarani, walitusimamisha. Gari ya muzigo, watu wamekaa juu, namba ya karatasi. Mimi, mujane wa Paul, mwenye kupigia kila mutu kelele za dokima! Gari iko mu kiwanja chao, nyuma ya senyenge, unaiona toka mbali na ile buluu yake.

Nitaitoa. Namna gani, sijui bado.

Rosette

*

Masisi, tarehe 9 Septemba 2022

Wifi yangu Rosette,

Tumsifu Yezu Kristu. Laurent amepeleka ngombe ku maji, hajui kama naandika.

Usimukasirikie. Siri ilikuwa yangu. Nilizani nikinyamaza, kifo hakitasikia kama kuna mutoto mwingine hapa. Ni mawazo ya mutu aliyeogopa, lakini njo yaliyonisaidia kuamuka kila asubuhi.

Laurent anasema uitoe gari kwa kila namna, uje hata bila plake. Mimi nakataa, wifi. Wakitusimamisha njiani na mimi nimelala nyuma, nitazalia mu kiwanja cha polisi? Juu ya dokima niko upande wako, hata kama mu hii nyumba siwezi kusema vile kwa sauti.

Lakini uniambie ukweli, na usiwe ukweli wa kunituliza. Mvua zimeanza. Miguu imevimba. Leo bado naweza kushuka polepole kwa miguu, naenda kidogo, nalala kwa watu, naenda tena. Tukingojea wiki zingine mbili sitaweza. Kama gari haiji, sema haiji, nianze kutembea.

Exaucée

*

Goma, tarehe 17 Septemba 2022

Exaucée, wifi yangu,

Usitembee. Nakuja.

Nilikuwa naenda ku kile kiwanja kila asubuhi na kiti changu cha soko, naketi mbele ya senyenge. Mwishowe komanda akatoka. "Mama, utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka muke wa mudogo wangu azae."

Nikamuelezea yote, na ya Kanyaruchinya, na ya Paul, nikalia kama mupumbavu. Hakunisamehe. Alinipa faini sawa kila mutu, nikalipa, akanipa risiti. Lakini kisha yeye mwenyewe alipiga simu ku biro ya plake, akauliza plake za mama wa buluu zinafanya nini. Unajua zilikuwa wapi? Mu kabati, tangu mwezi wa saba! Kila juma wananiambia rudia, na kabati iko nyuma ya mugongo wa yule anayeniambia. Nilitoka na plake zangu, nikafunga mulango wao polepole sana, juu ningeuvunja.

Modeste anamaliza fre. Hema iko. Matela ni yangu, mimi nitalala ku mukeka. Shofere ni Wenceslas, aliyekuwa anaendesha lori ya Paul, mutu aliyezoea njia mbaya. Tutaondoka mvua ikipumuzika kidogo. Laurent atayarishe kamba na vijana wenye nguvu.

Na kama mu ile nyumba kumebakia siri ingine, muiseme sasa.

Rosette

*

Masisi, tarehe 3 Oktoba 2022

Yaya Rosette,

Tangu muondoke na Exaucée sijasikia kitu.

Tulisikia gari mbele ya kuiona. Watu wote wa kilima walitoka. Wakati ilikwama ku ule mupando wa mwisho na tukaivuta na kamba, wanaume kwa wanawake, nilikuona umesimama mu matope unamutukana Wenceslas, unatukana mulima, unatukana na mimi. Sikujua yaya kama unajua matusi yote ile. Nilitaka kukupigia magoti, lakini nilikuwa nashika kamba.

Ulinikatalia kupanda. Ulisema ngombe hawawezi kubakia peke yao wakati huu wezi wanazunguka, na Exaucée akasema vile vile. Nilitii. Nilisimama pale njiani mpaka buluu ikapotea mu ukungu. Kisha mvua ikanyesha siku mbili bila kukata. Wanasema njia imekatika chini, karibu na muto. Luc harudi. Kila pikipiki ninayosikia, nashuka kilima mbio, nakuta ni mutu wa makaa.

Siwezi kukamua. Ngombe wanasikia roho yangu iko njiani, wanakataa maziwa.

Barua hii naipa mutu anayeshuka kwa miguu. Yaya, hata kama ni mubaya, andika.

Laurent

*

Goma, tarehe 6 Oktoba 2022

Laurent,

Ni musichana. Anaishi. Exaucée anaishi. Pumua kwanza, kisha soma yanayobakia.

Maumivu yalimushika mbele ya kufika Sake. Nilikuwa nyuma naye, namushika mabega juu asirukeruke. Wenceslas aliendesha sawa mutu aliyebeba mayai, sikupata hata sababu ya kumukaripia. Kisha tukafika ku kizuizi. Komanda mumoja kijana akanyosha mukono. Nikashuka, nikamupa bahasha yote. Laurent, alisoma! Karte roze, asiransi, kontrole, faini, risiti ya faini. Aliinama akafuata namba ya shasi na kidole, hata ile nane. Niliona kiburi na hasira pamoja, sikujua nianze na gani. Hakuna kilichokosekana. Kisha akauliza ile chupa nyekundu ya kuzimisha moto. Wenceslas akaitoa chini ya kiti. Yule kijana akaigeuza.

"Mama, hii tarehe yake ilisha pita. Mwezi jana."

Niliyosema pale sitayaandika, juu barua hii Exaucée ataisoma. Nilikuwa ningali nayasema wakati Exaucée alipiga kelele mu hema. Kijana akafunua hema, akaona, akaifunika tena polepole. Akanirudishia bahasha na mikono mbili, vile wanamupa mukubwa kitu. Akaondoa kizuizi yeye mwenyewe, akapanda nyuma ya mutu wa pikipiki, akatutangulia mpaka ku mulango wa hospitali na filimbi mu kinywa, malori yote yanasogea kando. Sikumuuliza jina. Naona haya.

Munganga, mama mumoja anayeitwa Joviale, alimuangalia mara moja akasema wamupasue bila kungojea. Alipoteza damu mingi. Walichukua na yangu. Nilikuwa ku ukumbi wakati mutoto alitoka, na kulikuwa kimya. Nilifikiria yule wa kando ya njia, ambaye sikumujua. Kisha huyu akalia, sauti mubaya, ya hasira, kama mutu aliyepunjwa ku soko. Sijasikia kitu kizuri vile tangu nizaliwe.

Exaucée iko hapa kwangu sasa, bado ni muzaifu lakini anakunywa uji na anauliza juu ya ngombe mbele ya kuuliza juu yako.

Sasa sikia. Jana nilienda kumuandikisha mutoto ku biro ya serikali. Karani akauliza, "Baba iko wapi?"

"Mulimani, na ngombe."

"Aje na kadi yake. Na karatasi ya ndoa."

Nikamuambia ndoa yenu ilifanyika mbele ya padiri na mbele ya wakwe. Akasema, "Basi aje yeye mwenyewe, mama, tuongee naye." Nilifungua kinywa. Watu wa nyuma yangu mu laini walirudi hatua moja. Kisha nikakifunga. Kwa mara ya kwanza, biro iko na haki: uje wewe mwenyewe.

Ngombe uwape Ézéchiel wa ngambo ya kilima, ni mutu mwaminifu. Wenceslas atapanda mara tu njia itafunguka. Ukiona hawezi kufika kwako, teremuka kwa miguu mukutane chini. Exaucée anakataa kumupa mutoto jina mbele ya wewe kumuona. Kila anayeingia hapa Majengo anauliza anaitwa nani, na mimi nimechoka kujibu.

Naandika na mukono mumoja, ule mwingine njo mutoto amelalia. Uso wake ni wako kabisa wakati unakasirika. Teremuka, mudogo wangu. Mimi peke yangu siwezi kukasirikiwa na nyinyi wote wawili.

Yaya yako,
Rosette